Mwongozo kamili: Kukata tiketi ya treni China kwa pasipoti yako na kusafiri likizo ya Oktoba bila kukwama

Kila mwisho wa Septemba simu yangu hujaa ujumbe uleule. "Kaka, tiketi zimeisha." "Kaka, inasema jina langu halijathibitishwa." "Nipo kituoni, geti limenikataa, nifanyeje?" Wanaoandika ni wanafunzi wenye miaka miwili hapa, na wafanyabiashara waliomaliza kupakia kontena na sasa wanataka kuiona China nje ya Xiaobei na Sanyuanli, mitaa ya Guangzhou wanakokaa Waafrika wengi.

Wengi wao hawakosi safari kwa sababu treni zimejaa. Wanakosa kwa sababu jina lililo kwenye mfumo wa tiketi na jina lililo kwenye pasipoti si jina moja, nao hugundua hivyo dakika ileile wenzao wanapolipa.

Mfano wetu utakuwa safari moja: Guangzhou hadi Yangshuo, mkoa wa Guangxi, kwenda tarehe 1 Oktoba, likizo ya Sikukuu ya Taifa inapoanza, na kurudi tarehe 7. Ukielekea Xi'an, Hangzhou au Chengdu, hatua ni hizihizi. Mwaka Mpya wa Kichina nao una utaratibu huohuo, ila purukushani yake ni kubwa zaidi.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Pasipoti yenyewe. Nakala, picha kwenye simu au kitambulisho cha chuo havikuingizi kwenye treni.
- Laini ya simu ya China iliyosajiliwa kwa pasipoti hiyohiyo. Inauzwa kwenye duka rasmi la kampuni ya simu, linaloitwa yingyeting.
- Alipay au WeChat iliyounganishwa na kadi ya benki. Kadi za nje za Visa na Mastercard zinakubalika. Malipo yakizidi yuan 200 kwa mara moja, kadi ya nje hukatwa ada ya asilimia 3.
- Programu ya 12306, ambayo ndiyo ya shirika la reli lenyewe. Ina sehemu ya Kiingereza.
- Pawabenki yenye alama ya 3C, yaani cheti cha usalama cha China. Tangu tarehe 28 Juni 2025, isiyo na alama hiyo hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya China. Ukikosa treni ukaamua kupanda ndege, utanikumbuka.

Pasipoti usiipeleke uhamiaji kurefusha kibali cha kuishi wiki mbili kabla ya likizo. Siku za kushughulikia maombi huhesabiwa kwa siku za kazi, na likizo si siku ya kazi. Utakaa bwenini ukiisubiri huku wenzako wakituma picha za milima.

Jambo jingine ni saa. Mfumo unaandika saa 24, na 08:00 kwao ni saa mbili yetu ya asubuhi. Kuna mwenzetu aliyeambiwa kwa Kiswahili kwamba treni ni "saa mbili", naye akafika kituoni jioni na begi lake, ametulia kabisa. Treni ilikuwa imeondoka tangu asubuhi. Kwa hiyo kuanzia hapa saa za treni na tiketi naziandika kama zinavyoonekana kwenye mfumo.

## Hatua ya 1: Fungua akaunti na uthibitishwe (mwanzoni mwa Septemba)

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Fungua 12306, chagua kujisajili, na kwenye aina ya kitambulisho chagua pasipoti ya kigeni. Kisha utaombwa jina.

Usiandike jina unaloitwa, wala lile la cheti cha shule. Fungua ukurasa wa picha kwenye pasipoti na utazame mistari miwili ya chini kabisa, ile yenye alama nyingi za <<<. Mashine inasoma mistari hiyo. Jina la ukoo hutangulia, alama mbili za < hufuata, halafu majina mengine. Ukisajili jina la baba mahali pa jina lako, au ukaacha jina la tatu kwa kuona limezidi urefu, mfumo utakuona mtu mwingine.

Sisi wenye majina matatu ndio tunaoumia zaidi. Mchina anaitwa Wang Wei, yamekwisha. Wewe ni herufi ishirini na kitu, na babu yako yumo ndani. Andika majina yote kwa mpangilio wa pasipoti, halafu yasome tena herufi moja moja: Mohamed au Mohammed, Aly au Ally. Kwenye namba ya pasipoti, angalia usichanganye herufi O na sifuri.

Ukimaliza, pakia picha ya ukurasa wa pasipoti. Ipige mchana karibu na dirisha, pembe nne zote zionekane, na mwanga wa taa usiangukie plastiki. Picha nyingi zinazokataliwa zilipigwa usiku chini ya taa ya bwenini.

Kwa nini mapema? Uthibitisho unaweza kukataliwa na kukulazimu urudie. Ukigoma kabisa, nenda na pasipoti kwenye dirisha la tiketi la kituo chochote cha reli, uwaombe wakuthibitishe hapo. Mwanzoni mwa Septemba dirisha hilo halina watu wengi. Siku chache kabla ya sikukuu foleni yake hutoka nje ya mlango.

Onyo: Ukipata pasipoti mpya, namba inabadilika. Lazima uongeze taarifa mpya na uthibitishwe upya, hata kama akaunti ni ileile.

Utajuaje umefaulu? Kwenye orodha ya wasafiri, jina lako litaonyesha kwamba limepita: kwa Kichina 已通过. Ukiona neno jingine lolote, bado hujamaliza. Waongeze pia wenzako mnaosafiri pamoja, na kila mmoja athibitishwe. Rafiki wa Kichina anaweza kukukatia kwa akaunti yake, ila hata huko jina lako litapitia kichujio hichohicho.

## Hatua ya 2: Jua siku, saa na kituo sahihi

Tiketi huanza kuuzwa siku 15 kabla, na siku ya kuuza inahesabiwa ndani yake. Tiketi ya tarehe 1 Oktoba hufunguliwa tarehe 17 Septemba. Ya kurudi tarehe 7 Oktoba hufunguliwa tarehe 23 Septemba. Andika tarehe zote mbili. Watu hukazana na ya kwenda, wakasahau kwamba siku ya mwisho ya likizo nchi nzima inarudi nyumbani pamoja nao.

Saa ya kufungua inategemea kituo unachoondokea. Hazifunguliwi zote kwa wakati mmoja. Ndani ya 12306 kuna mahali pa kutafuta muda wa kuanza kuuza (起售时间): ingiza jina la kituo, upewe saa. Kwa kwenda, tafuta saa ya kituo cha Guangzhou. Kwa kurudi, tafuta ya kituo cha Yangshuo.

Halafu kituo chenyewe. Miji mikubwa ya China ina vituo kadhaa, na majina hutofautiana kwa silabi moja ya mwisho: nan ni kusini, bei kaskazini, dong mashariki, xi magharibi. Guangzhou pekee ina Guangzhou, Guangzhou Nan, Guangzhou Dong na Guangzhou Baiyun. Treni nyingi za mwendokasi kuelekea Guilin na Yangshuo huondokea Nan, iliyo mbali na mjini. Anayekaa Sanyuanli apande metro namba 2, itamfikisha hadi mwisho wa njia bila kubadilisha. Ukiwa umekwenda kituo cha zamani cha Guangzhou kwa mazoea, usitegemee kuiwahi treni ya Nan.

Kwa Yangshuo kuna mtego mwingine: kituo kinachoitwa Yangshuo kipo Xingping, na mji wa Yangshuo wenyewe uko umbali wa kama kilomita 30. Mabasi yapo, ila siku ya sikukuu barabara hujaa. Tafuta malazi ukiwa unalijua hilo. Binafsi napenda kulala Xingping usiku wa kwanza. Mandhari ya Mto Li iliyo nyuma ya noti ya yuan 20 iko hapohapo.

## Hatua ya 3: Siku ya kukata

Dakika kumi kabla ya saa ya kufungua, uwe umeshaingia kwenye akaunti, umechagua tarehe, vituo na wasafiri. Weka treni tatu mkononi: unayoitaka, ya mapema kuliko hiyo, na ya usiku. Treni ya alfajiri mara nyingi hubaki na nafasi, kwa sababu hata Wachina hawapendi kuamka saa kumi za alfajiri.

Herufi ya kwanza ya namba ya treni inakuambia aina yake. G, D na C ni za mwendokasi. Z, T na K ni za kawaida, bei yake ni nafuu, na zina vitanda. Guangzhou hadi Yangshuo kwa mwendokasi ni kama saa mbili na nusu, kwa hiyo daraja la pili (erdengzuo) linatosha. Kwa safari ya usiku kucha chukua yingwo, chumba cha vitanda sita kisicho na mlango. Ruanwo ni vitanda vinne na mlango wake.

Saa ikifika, bonyeza, thibitisha, lipa. Muda wa kulipa unahesabika kwa dakika, na saa inayorudi nyuma utaiona kwenye skrini. Ukichelewa, nafasi inarudi sokoni.

Onyo kubwa: Usiwe unakata na kufuta ili kutafuta kiti kizuri. Ukifuta oda mara tatu kwa siku moja, mfumo unakufungia kukata hadi kesho yake. Siku ya tarehe 17 Septemba, kesho ni mbali sana.

Zikiisha mbele ya macho yako, usifunge simu. Kuna mambo manne bado:

1. Bonyeza houbu (候补), orodha ya kusubiri. Unalipa kwanza. Mtu akirudisha tiketi, mfumo unakupa wewe, na ikishindikana fedha zinarudi. Weka treni kadhaa kwenye oda moja. Nimewaona watu wakipata siku mbili tatu kabla ya safari, maana tiketi nyingi hurudishwa wakati huo.

2. Tafuta tiketi ya treni ileile inayokwenda mbali kuliko unakoshuka. Kama Guangzhou hadi Yangshuo imeisha, Guangzhou hadi Guilin au Guiyang inaweza kuwepo. Utalipa zaidi kidogo na kushuka Yangshuo, ni ruhusa. Kinyume chake ni hatari: kukata tiketi fupi ukitumaini kuongeza nauli ndani. Siku za sikukuu, treni ikijaa, wahudumu wanaweza kukuteremsha pale tiketi yako inapoishia.

3. Chukua wuzuo, tiketi isiyo na kiti. Bei ni ileile ya kiti cha kawaida, jambo linalowaudhi wengi, lakini kwa saa mbili na nusu inavumilika. Nunua kigoda cha kukunja. Kwa saa kumi na tano za treni ya K, na mtoto mgongoni, usithubutu.

4. Hamisha siku. Tarehe 2 mchana ni dunia nyingine kabisa ukilinganisha na tarehe 30 Septemba jioni.

Anayekuambia ana "njia ya ndani" ya kupata tiketi kwa malipo ya ziada, mwache. Tiketi imefungwa kwenye namba ya pasipoti, na hakuna namna ya kukuhamishia ya mtu mwingine. Programu kama Trip.com ni halali na ni rahisi kwa mgeni, ila zina ada yake juu ya nauli.

Utajuaje umefaulu? Utaona namba ya behewa na ya kiti. Hakuna karatasi ya kuchukua, kwa kuwa pasipoti ndiyo tiketi. Viti vya daraja la pili ni A, B, C upande mmoja, D na F upande wa pili. E haipo, usiitafute. A na F viko dirishani.

Ukibadili mawazo, rudisha mapema. Zaidi ya siku 8 kabla ya safari hukatwi kitu. Kati ya siku 8 na saa 48 ni asilimia 5, kati ya saa 48 na 24 ni asilimia 10, na chini ya saa 24 ni asilimia 20.

## Hatua ya 4: Malazi na viingilio, kwa jina lilelile

Kwa sheria ya China, mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike anapolala. Hoteli hufanya hilo yenyewe kwa pasipoti yako. Ukilala kwa rafiki, mwende naye kituo cha polisi cha mtaa (paichusuo) na pasipoti, yeye akiwa na kitambulisho na karatasi za nyumba. Ni kazi ndogo, lakini ukiiruka, inaweza kukurudia siku ya kurefusha kibali.

Zamani nyumba ndogo za wageni zilikuwa zikitukataa kwa hoja kwamba hazina kibali cha kupokea wageni wa nje. Mwaka 2024 mamlaka zilielekeza hoteli zisitumie sababu hiyo. Hata hivyo mhudumu wa usiku huko kijijini huenda hajui kuingiza pasipoti kwenye mfumo. Kwa hiyo nakushauri: ukishaweka nafasi, waandikie ujumbe huu, 我是外国人，用护照登记，可以吗？ Yaani wewe ni mgeni, utaandikishwa kwa pasipoti, je, inawezekana? Jibu likiwa 可以, lipige picha ya skrini. Nimeshafika usiku mahali fulani bila jibu hilo, nikaishia kutembea na begi hadi saa saba za usiku.

Vivutio navyo vinataka jina. Kama safari yako ni ya Beijing, Mji Uliokatazwa haukatiwi mlangoni: tiketi hufunguliwa siku 7 kabla, saa 20:00. Kwa Yangshuo, rafu za mianzi za Mto Yulong nazo hukatwa mapema kwa pasipoti siku za sikukuu.

Na wewe unayefikiri kwamba ukikosa Yangshuo utakwenda Hong Kong kwa treni, soma viza yako kwanza. Kwenda Hong Kong ni kutoka China bara. Kama viza ni ya kuingia mara moja, umeshaitumia, na kurudi Guangzhou kutahitaji viza nyingine. Kosa hili limewakwamisha wafanyabiashara wetu wengi, mizigo ikiwa Guangzhou na mwenyewe ng'ambo ya mpaka.

## Hatua ya 5: Siku ya safari

Siku ya kawaida dakika 45 zinatosha kituoni. Tarehe 1 Oktoba fika saa moja na nusu kabla.

Mlangoni utaonyesha pasipoti, kisha mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi. Kisu cha jikoni, hata cha matunda, chenye makali yanayozidi sm 6 kitabaki hapo. Dawa ya nywele ya kupuliza isizidi ml 150. Kikomo cha mzigo ni kilo 20 kwa mtu mzima, na kwenye mwendokasi jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sm 130. Yale mabegi makubwa ya mistari ya kupelekea mzigo nyumbani acha Guangzhou.

Ndani, tafuta namba ya treni yako kwenye ubao, kisha namba ya geti, mathalani 12A au 12B. Geti hufunguliwa kama dakika 15 kabla ya kuondoka na kufungwa dakika 3 hadi 5 kabla. Likishafungwa limefungwa. Treni utaiona imesimama, na hutaipanda.

Wenyeji wanagusisha kitambulisho na kupita. Wewe weka ukurasa wa picha wa pasipoti juu ya kioo cha mashine kama ipo. Ikigoma mara mbili, usigombane nayo. Tafuta bango la 人工通道, njia yenye mhudumu, kwa kawaida pembeni kabisa. Ataingiza namba kwa mkono. Kwa sababu hiyo, panga foleni ya upande huo tangu mwanzo.

Kwenye jukwaa, namba za mabehewa zimeandikwa sakafuni. Simama kwenye yako. Baadhi ya treni ni mbili za mabehewa manane zilizounganishwa, na ndani hakuna njia ya kupita kutoka moja kwenda nyingine. Ukipanda nusu isiyo yako, utasubiri hadi kituo kinachofuata ushuke na kukimbia.

Chakula cha ndani ni ghali na hakina ladha, mtanisamehe. Maji ya moto ni ya bure kila behewa, kwa hiyo beba majani ya chai na kikombe. Waislamu watafute alama ya 清真, yaani halali, kabla ya kupanda. Maduka ya tambi ya Lanzhou yapo karibu kila mji na aghalabu ndiyo salama yetu. Beba karatasi za chooni pia.

Utapigwa picha, hasa kwa kuwa ni Waafrika wachache wanaofika Guangxi. Bibi mmoja atataka kugusa nywele zako. Kukubali au kukataa ni juu yako, ila tabasamu na neno bu yao, sitaki, hufanya kazi.

## Hatua ya 6: Kurudi

Usiwe na mpango wa kurudi tarehe 7 jioni peke yake. Weka houbu ya tarehe 6 kama akiba, na uirudishe kama huihitaji.

Kisha kagua kalenda ya chuo au ya ofisi. China ina utaratibu uitwao tiaoxiu: likizo ndefu hulipiwa kwa kufanya kazi Jumamosi au Jumapili iliyo karibu nayo. Orodha hutangazwa na Baraza la Serikali mwaka uliotangulia. Wapo waliofika Guangzhou salama, wakalala hadi saa sita mchana siku ya Jumapili, na simu ya mwalimu ikawaamsha.